Kabla ya kuhesabu miti, tuulize ni mti gani

Mwaka 2006 mbuzi asiye na meno alifikishwa mahakamani jijini Nairobi. Waliompeleka walikuwa wafugaji wa jamii ya Ilchamus kutoka nyanda za Marigat, kando ya Ziwa Baringo, na kesi yao ilikuwa dhidi ya serikali. Walidai kwamba mti uliopandwa kwao kwa jina la maendeleo umewamalizia malisho, umewajeruhi kwa miiba, umeziba njia za kwenda majini na umewang'oa mbuzi wao meno. Wakaona maneno matupu hayatatosha, wakampeleka mbuzi mwenyewe awe kielelezo.

Habari ile ilisafiri mbali, na wengi walioisoma waliichukua kama kichekesho. Mfugaji hawezi kuicheka. Mbuzi asiye na meno hukonda huku nyasi zikiwa mbele yake. Maziwa hukauka, mtoto wake hudhoofu, na ukimpeleka mnadani hakuna wa kumtajia bei. Kwa familia ambayo karo, dawa na unga vyote hutoka zizini, meno ya mbuzi ni akiba ya nyumba.

Mti wenyewe Wakenya huuita mathenge. Jina lake la kitaalamu ni Prosopis juliflora, na asili yake ni Meksiko, Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika Kusini. Uliletwa Kenya mwaka 1973, ukapandwa Bamburi karibu na Mombasa ili kufunika ardhi iliyochimbwa mawe ikaachwa wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo katika mradi wa kuni na upandaji miti, serikali ikishirikiana na wahisani wa nje, likiwemo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO.

Ukijaribu kusimama walipokuwa wamesimama wale wapandaji, utawaelewa. Baringo ya wakati ule ilikuwa imechoka. Ukame ulikuwa umeua mifugo mingi, udongo ulikuwa wazi, makorongo yalikuwa yakipanuka kila msimu wa mvua, na akina mama walikuwa wakitembea mbali kutafuta kuni. Mtaalamu anayetafuta dawa ya shida zote hizo kwa mkupuo mmoja angeipata kwenye mathenge. Mti huu hauogopi chumvi wala jua. Mizizi yake hufuata maji chini sana. Hurutubisha udongo kwa naitrojeni. Hukua upesi, kuni zake huwaka vizuri, nyuki hupenda maua yake, na mifugo hupenda maganda yake matamu.

Sifa hizo zote zilikuwa za kweli, na kila moja imegeuka kuwa sababu ya mti huo kutozuilika. Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, maana tumezoea kusimulia mimea vamizi kana kwamba ni majambazi walioingia usiku kupitia mpakani. Mathenge uliingia mchana, kwa barua rasmi, ukiwa kwenye viriba, na watu wakaupigia makofi.

Ganda la mathenge likiiva huwa na sukari nyingi. Kiangazi kikishika na nyasi zikikauka, mbuzi hulikimbilia. Sukari hung'ang'ania menoni, vipande vigumu hukwama kwenye ufizi, na mnyama anayekula maganda hayo siku nenda siku rudi huoza meno hadi yanaanguka. Mbegu yenyewe haidhuriki. Ganda lake gumu hulainishwa tumboni, hutoka na kinyesi ikiwa imeshawekewa samadi yake, na huota popote mnyama alipopita: kwenye boma, kisimani, kando ya njia ya kwenda mnadani. Mafuriko ya mito inayoshuka kutoka milima ya Tugen hubeba nyingine hadi ukingoni mwa ziwa. Kwa hiyo mfugaji, bila kujua, ndiye aliyekuwa akiupanda mti huo kila asubuhi alipofungua zizi.

Kuukata nako hakumsaidii. Shina la mathenge lina macho yaliyojificha chini ya ardhi. Ukikata juu, yanachipua vitawi vingi mahali palipokuwa na shina moja, na badala ya mti wenye kivuli unapata kichaka cha miiba kisichopenyeka. Miiba hiyo hutoboa tairi la pikipiki, na hupita hata kwenye akala zilizochongwa kwa matairi. Kidonda chake huvimba na kuuma kwa siku kadhaa.

Watafiti waliotumia picha za setilaiti kupima eneo hilo la Baringo walikuta kwamba mwaka 1988 mathenge ulikuwa umefunika hekta 882. Kufikia mwaka 2016 ulikuwa umefunika hekta 18,792. Hiyo ni zaidi ya mara 21 katika miaka 28, wastani wa hekta 640 kila mwaka. Mahali ulipochukua palikuwa na nyasi za malisho, migunga na mashamba. Chini ya mathenge iliyosongamana nyasi hufa kwanza, kwa kukosa mwanga na maji na kwa sababu ya kemikali zinazotoka kwenye majani yake. Nyasi zikitoweka, panzi na mchwa hupungua, ndege wanaotaga chini hukosa pa kutaga, na wanyamapori waliokuwa wakila bega kwa bega na ng'ombe huhama. Mche wa mgunga nao haupati nafasi ya kuinuka. Kinachobaki ni kijani kizito cha aina moja, ambacho mtu akikitazama kutoka ndegeni anaweza kudhani ni msitu.

Kuna hasara nyingine ambayo hakuna setilaiti ya kuipima. Mzee wa Kiilchamus au wa Kitugen anajua nyasi kwa majina yake: zile zinazoongeza maziwa, zile za kuezekea, zile zinazotangulia kuota mvua ikigusa ardhi, na zile za kumpa ng'ombe aliyezaa jana. Mtoto aliyekulia ndani ya vichaka vya mathenge hana mahali pa kujifunzia hayo. Nyasi ikitoweka, jina lake hubaki midomoni kwa kizazi kimoja, kisha nalo huondoka. Tunapozungumzia bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, tuihesabu na hiyo, kwa sababu wale wanaojua jina la kitu ndio wanaogundua mapema kwamba kimepotea.

Baringo haiko peke yake. Katika jimbo la Afar nchini Ethiopia, ambako mti huo huo ulipandwa katika miaka ya 1970 na 1980, watafiti wamekadiria kwamba mathenge hunyonya na kuvukiza zaidi ya mita za ujazo bilioni 3 za maji kwa mwaka, katika nchi kame ambako watu na ngamia hugombea visima. Nchini Mali watafiti waliyakata matawi yenye maua ya mti huu katika baadhi ya vijiji, na idadi ya mbu ikashuka sana, kwa kuwa mbu hunywa utomvu mtamu wa maua na hivyo huishi muda mrefu wa kutosha kueneza malaria. Nani angefikiria, siku ile ya kupanda, kwamba mti wa kuni ungemlisha mbu?

Nimesema wale wapandaji walikuwa na nia njema, na sibadilishi kauli. Kosa lao lilikuwa kwenye kipimo. Mradi wa miti hupimwa kwa miche iliyopandwa na miche iliyoshika. Kwa kipimo hicho mathenge ulifaulu kuliko mti wowote mwingine pale Baringo: ulishika pote, haukuomba maji, haukuliwa majani na mbuzi. Ripoti ikiandikwa mwaka wa tatu au wa tano, huo ni ushindi mtupu. Mimea vamizi huwa na tabia ya kutulia kwanza, hukaa miaka ikijizoesha udongo na kujijengea akiba ya mbegu, halafu hulipuka. Mlipuko ulipokuja, mradi ulikuwa umefungwa, magari yamerudishwa, wataalamu wamehamishiwa kwingine. Aliyebaki ni mfugaji na mbuzi wake.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliutangaza mathenge kuwa gugu haribifu chini ya sheria ya kudhibiti magugu. Wengi walishangilia. Lakini sheria hiyo ni ya zamani, na mzigo wa kung'oa gugu inamwekea mtu mwenye ardhi au anayeitumia. Yaani mti aliopandiwa na wengine sasa ukawa wajibu wake yeye, kwa panga lake na mikono yake. Hapo, kwa maoni yangu, haki ilipinduliwa miguu juu.

Kuna hoja ambayo lazima niikabili, maana huletwa kila mara: kwamba kusema mimea ya kigeni ni hatari ni chuki ya ugeni iliyovishwa joho la sayansi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mahindi ni mgeni, mihogo ni mgeni, mikorosho ni mgeni, yote ilitoka Amerika, na hakuna aliyewahi kusikia muhogo umevamia msitu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mihogo ilipewa jembe ikalima, na hadi leo inalisha watu. Tatizo ni mgeni anayepewa jembe akafukuza wenye shamba.

Ugeni wenyewe pia haufuati mipaka ya nchi. Mfano bora ninaoujua uko Tanzania, katika milima ya Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo na baiolojia huko Amani mwaka 1902, wakapanda mamia ya aina za mimea kutoka kila pembe ya dunia kujaribu ipi itawaletea faida. Nyingi zilibaki pale pale zilipopandwa, nyingine zikafa. Chache zilitoka bustanini zikaingia msituni, na mmoja wao ni msizi, ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii. Ulipandwa Amani mwaka 1913. Sasa, msizi ni mti wa Afrika. Kagera ni kwao, Uganda ni kwao, na huko hauna ugomvi na mtu. Ila Usambara si kwao, ingawa ni nchi ile ile moja.

Misitu ya Usambara Mashariki imekaa peke yake juu ya milima kwa muda mrefu mno, na ndani yake mna mimea na viumbe ambavyo havipatikani popote pengine duniani. Ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda kwenye vyungu madirishani, na ambalo Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara, asili yake ni miamba yenye kivuli ya huko. Wavunaji wa mbao walipoingia kwa nguvu katika miaka ya 1970 na 1980 wakaangusha miti mikubwa ya asili kama mitambara na minyasa, waliacha mapengo ya mwanga msituni. Msizi hupenda mwanga, hukua haraka sana, na hondohondo hupenda matunda yake. Ndege hao wakala hapa wakadondosha mbegu kule, na mapengo yakajaa msizi kabla miti ya wenyeji haijapata nafasi. Mwaka 1997 Amani ikatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, uvunaji ulikuwa umeshasimama, lakini hondohondo hakuna wa kumsomea tangazo.

Mkasa wa Amani unafundisha jambo ambalo Baringo haiwezi kulifundisha: mmea vamizi mara nyingi hupita kwenye mlango uliofunguliwa na panga. Msitu mzima, wenye kivuli kizito, humkataa msizi wenyewe. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaoandika juu ya mimea vamizi kana kwamba ni jambo la mmea peke yake. Shoka lilitangulia. Baringo nako malisho yalikuwa yamechoshwa kabla mathenge haujafika, na kama nyasi zingekuwa na afya, miche ingepata upinzani.

Na hapa Pwani, ambako wasomaji wangu wengi wana mwarobaini uani, nitasema jambo linaloweza kuwakera. Mwarobaini tunaupenda, tumeupa jina la heshima kwa maradhi arobaini unayosemekana kuyatibu, bibi zetu walituogesha kwa maji ya majani yake. Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani. Matunda yake huliwa na ndege na popo, na mbegu hutua vichakani na katika misitu midogo ya pwani iliyobaki. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani umekwisha kuhesabiwa miongoni mwa mimea vamizi. Sisemi tukate miti iliyo uani. Ninasema kupandwa kwa mwarobaini kando ya msitu wa kaya, ule mtakatifu wa Wamijikenda, au kwenye mpaka wa hifadhi, si tendo jema hata kama kila mtu anapiga picha akitabasamu na mche mkononi.

Turudi Baringo, kwa suala la nini kifanyike, maana hapo ndipo mjadala umekwama kwa miaka mingi. Sera iliyopendwa zaidi ni ile ya kuudhibiti mti kwa kuutumia: wachome makaa, wauze nguzo, wasage maganda yawe chakula cha mifugo. Mwanzoni hata mimi niliiona ya busara. Makaa ya mathenge ni mazito na huwaka vizuri, na kusaga maganda kunaua mbegu na kuokoa meno ya mbuzi. Kuna mama Marigat anayesomesha watoto kwa magunia hayo, na mtu yeyote anayeandika kuhusu mti huu akimsahau mama huyo ameandika nusu ya habari.

Lakini takwimu nilizotaja zinajumuisha miaka ambayo makaa yalikuwa yakichomwa, na eneo liliendelea kupanuka. Sababu haihitaji darubini. Mchomaji hukata matawi manene yenye faida na kuacha kisiki, na kisiki huchipua. Hana sababu ya kuchimba mzizi, kwa kuwa mzizi ndio shamba lake la mwakani. Soko likishajengeka juu ya mmea vamizi, watu wanahitaji mmea huo uendelee kuwepo, na wengine huupeleka kusikokuwa nao. Adui akishakuwa mlipaji karo, nani atamfukuza?

Njia inayofaa ni ngumu zaidi na haina mvuto wa kupigia picha. Kisiki kichimbwe hadi chini ya macho yake, ardhi ipandwe nyasi za asili mara moja, eneo lizungushiwe uzio hadi nyasi zishike, na mtu alipwe kuchungulia miche kila mwaka, kwa kuwa akiba ya mbegu iliyo udongoni huendelea kuota kwa miaka mingi. Kando ya Ziwa Baringo kuna wafugaji waliofufua malisho kwa uzio na nyasi, na sasa wanauza majani makavu na mbegu za nyasi. Watafiti waliopima udongo huko walikuta kwamba malisho yaliyofufuliwa kwa takriban miaka 30 yalikuwa yamerudisha akiba ya kaboni ardhini kufikia ile ya malisho asilia. Tafadhali ishike habari hiyo, kwa sababu utasikia watu wakitetea vichaka vya miiba kwa hoja ya hali ya hewa, kwamba huhifadhi kaboni inayoongeza joto duniani. Nyasi nazo huhifadhi kaboni, chini, mahali ambapo moto haufiki, na juu yake ng'ombe analisha.

Kuna silaha nyingine inayoogopwa kuliko inavyostahili, nayo ni kumleta adui wa asili wa mmea. Ziwa Victoria lilitupa somo hilo. Gugu maji, lililotoka bonde la Amazon na kusambazwa duniani kwa ajili ya ua lake zuri, lilionekana ziwani humo mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta, Ghuba ya Winam imefungika, mitumbwi ya Kisumu haitoki, konokono wa kichocho wamepata makazi. Mikono ya watu na mashine hazikufua dafu. Kuanzia mwaka 1995 waliachiliwa ziwani fukusi wadogo wa jenasi ya Neochetina, kutoka huko huko Amerika Kusini, ambao chakula chao ni gugu hilo, na pamoja na mawimbi na hali ya hewa ya El Niño, zulia likapasuka ndani ya miaka michache. Gugu limerudi mara kadhaa tangu wakati huo, kwa sababu tunaendelea kulilisha kwa mbolea inayotiririka mashambani na maji taka ya miji, na Mto Kagera huleta mengine kutoka juu. Hata hivyo fukusi bado wamo. Huko Laikipia, ambako mpungate wa mapambo ulioletwa enzi za ukoloni umekuwa ukitoboa midomo na macho ya mbuzi, na tembo na nyani kuusambaza kwa kula matunda, wadudu wa kochinili wameachiliwa na wanaufyonza hadi unakauka. Afrika Kusini iliachilia wadudu wanaokula mbegu za mathenge tangu mwaka 1987.

Gugu karoti ni habari tofauti, na nitalipitia upesi. Lilionekana Arusha mwaka 2010. Majani yake yanafanana na ya karoti, mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, humwasha ngozi anayelipalilia na maziwa ya ng'ombe aliyelila huwa machungu. Hilo hakuna aliyelipanda. Kwa magugu ya namna hiyo tunahitaji macho mipakani na kwenye magari ya kokoto na ya nafaka, na wakulima wanaojua kulitambua kabla halijatoa ua jeupe.

Ila hofu yangu kubwa haiko kwenye gugu karoti. Iko kwenye miti tunayoipanda sasa hivi, kwa hiari yetu. Desemba 2022 Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko, watu waende wakapande. Tanzania, kila halmashauri imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Naunga mkono kiu hiyo ya kijani. Nimeona vyanzo vya maji vilivyokauka na sihitaji kushawishiwa. Ninachokiogopa ni kipimo, maana ni kile kile cha Baringo. Ofisa akiambiwa alete idadi, ataleta mti unaoota upesi, usiohitaji kumwagiliwa, usioliwa na mbuzi, wenye mbegu nyingi na za bei rahisi. Soma tena orodha hiyo. Ni wasifu wa mmea vamizi, neno kwa neno.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikishe miti angalau asilimia 10 ya eneo la nchi. Kifungu hicho hicho, mistari michache mbele, kinaitaka ilinde bioanuwai. Amri hizo mbili zinaweza kugongana. Hekta 18,792 za mathenge zikipigwa picha kutoka angani zinaonekana kama miti, na ni miti kweli. Zinatimiza amri ya kwanza huku zikivunja ya pili, na nimeisikia ya kwanza ikitajwa kwenye hotuba nyingi, ya pili nadra.

Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai, zikiwemo za Afrika Mashariki, zilipitisha malengo ya kimataifa ya kulinda bioanuwai, na lengo la 6 linataka kasi ya kuingia na kujikita kwa spishi vamizi ipunguzwe kwa angalau nusu kufikia mwaka 2030. Mwaka uliofuata, jopo la kimataifa la sayansi ya bioanuwai, IPBES, lilitoa ripoti iliyoeleza kwamba spishi vamizi zimechangia asilimia 60 ya kutoweka kwa viumbe kulikorekodiwa duniani, na kwamba hasara yake kwa mwaka 2019 ilipita dola bilioni 423. Gugu maji ndilo lililotajwa kuwa limeenea kuliko zote, likifuatwa na lantana, ile ya maua ya rangi mbili tatu tunayoipanda kuwa ua wa nyumba. Yote mawili tunayo.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache, na yanatekelezeka. Kitalu chochote kinachouza miche kwa kampeni ya taifa kiandike jina la mti na asili yake. Mti wa kigeni usipelekwe nyanda za malisho wala ukingo wa msitu wa asili hadi wenye ardhi hiyo wameulizwa, na hasa wale wanaojua nyasi kwa majina. Taasisi za utafiti wa misitu, KEFRI Kenya na TAFORI Tanzania, zipewe fedha za kukusanya mbegu za mgunga, mkwaju, mninga, mvule na mitambara kwa wingi, kwa sababu sasa hivi ofisa wa wilaya akitaka miche ya asili elfu hamsini kwa mwezi mmoja hataipata, na hapo ndipo anapochukua chochote kilichopo. Na kila mradi wa kupanda miti ya kigeni utenge, siku ile ile ya kupanda, fungu la kurudi mwaka wa 10 na wa 20 kukagua na kung'oa.

Huko Marigat leo asubuhi mazizi yamefunguliwa kama kawaida. Mbuzi wamepita chini ya vichaka, wameokota maganda yaliyodondoka usiku, wakaelekea majini. Jioni watarudi kwa njia nyingine.